Kanuni Yako ya Maji ya Usiku

Kaka Shabani,

Nianze na hili ili lisinisumbue huko mbele: ulikosea. Maji ya usiku pale Kiongoroni hayajai mapema. Yanakuja kwa wakati wake kama ya mchana.

Nimeandika hivyo bila kufuta neno, kwa hiyo ujue mdogo wako bado ni yuleyule. Wenzangu huwaandikia ndugu zao waliotangulia kuwaambia wamewakumbuka. Nimekukumbuka, tena sana. Lakini kilichonikalisha mezani mchana huu wa Jumamosi, na madaftari ya Kidato cha Pili yananisubiri, ni wivu. Ule wa zamani. Nilidhani tumeuzika pamoja na wewe, kumbe ulibaki nami juu, ukarudi nami nyumbani.

Mama hajambo. Ila ameanza kukusifia kuliko ulipokuwa hai, na ulipokuwa hai ilikuwa kero tayari. Akija mgeni, hata muuza dagaa, ataambiwa kwamba mwanangu Shabani aliona jambo la bahari ambalo wasomi wote hawakuliona. Mimi nipo palepale namimina chai. Mkeo bado yuko eda, anaendelea vizuri. Vipindi vyako vya fizikia wamenigawia mimi nusu, na wanafunzi wako wananiangalia kama mtu aliyekalia kiti cha mwenyewe.

Unajua ilivyoanza. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto na Baba hakutaka nivuke peke yangu, akakuchelewesha mwaka mzima ili tuanze darasa la kwanza pamoja. Ukanisubiri, halafu ukanipita. Mimi nakariri mpaka midomo inakauka, wewe uko kwenye tope la mikoko unachokonoa mashimo ya kaa, na mtihani ukija wewe wa kwanza, mimi wa pili. Watu walikuwa wananiambia wa pili si haba. Wao hawajawahi kuwa wa pili kwa mtu wanayekula naye sahani moja.

Hata kazi tukaipata shule moja hapa Kibiti, wewe fizikia, mimi hesabu, na ugomvi wetu ukahamia chumba cha walimu. Mimi nilikuwa nasema hesabu ndiyo elimu pekee iliyotulia, maana kilichothibitishwa leo hakiozi kesho. Wewe unacheka na kitumbua mdomoni. Ulikuwa unasema, "Asha, wewe unataka kitu ambacho hakuna wa kukikataa. Mimi nataka kitu ambacho mti wa Shangazi unaweza kukikataa, halafu usikikatae." Nikakuambia hayo ni maneno ya mtu asiyejua kuthibitisha. Moyoni nilijua umesema kitu, na nikakereka kwa siku mbili kwamba si mimi niliyekisema.

Mti wa Shangazi Somoe bado umesimama. Ni ile nguzo yako ya mkoko uliyoichomeka kwenye mkono wa mto nyuma ya nyumba yake Kiongoroni, ukaichonga alama za kupimia maji kuanzia chini mpaka juu. Ulimpa daftari ukamwonyesha mistari: tarehe ya mwezi, maji ya mchana yamejaa saa ngapi, maji ya usiku yamejaa saa ngapi. Yule mama wa watu hakuruka siku. Kwa miaka miwili aliandika, hata alipokuwa na homa, na wewe ulikuwa unapanda boti Nyamisati kila mwisho wa mwezi kwenda kunakili.

Halafu ukaja na kanuni. Kila mtu wa delta anajua maji yakijaa mchana, yatajaa tena usiku baada ya saa kumi na mbili na dakika kama ishirini na tano. Wewe kwenye daftari la Shangazi ulipata saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Mwezi tano, yaani siku ya tano tangu mwezi kuandama, mchana yamejaa saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, usiku yamejaa saa mbili na dakika ishirini na tano. Mwezi sita hivyohivyo, mwezi saba hivyohivyo, mwezi baada ya mwezi. Maji ya usiku yanawahi karibu saa nzima. Ukatoa na sababu: upepo wa usiku unatoka bara, unayasukuma maji yarudi baharini kabla hayajamaliza kupanda. Ulichora ubaoni kwa chaki mbili na walimu wote wakasogeza viti mbele. Nilikuwa nimekaa nyuma. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilitaka kutoka nje.

Sasa sikia yaliyotokea ulipoondoka. Mkuu wa shule amepaka rangi nyeupe ukuta mzima wa chumba cha fizikia. Anataka iandikwe Kanuni ya Shabani, na mchoro wako, na maelezo chini yake. Akaniita ofisini akasema maelezo niandike mimi, kwa kuwa ni ndugu wa damu na ni mtu wa hesabu. Nikasema sawa, ni heshima. Nikatoka pale nauma meno. Miaka yote nimekuwa wa pili wako, na sasa nipewe brashi nikuandike ukutani kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikaanza kuandika. Nikashindwa. Katikati ya hapo ikaingia habari ya arobaini yako.

Ulitutoka siku ya Jumanne saa moja na nusu jioni, adhana ya Magharibi imeshapita. Mimi nikahesabu kuanzia Jumanne, nikapata tarehe ya hitima, nikaagiza mchele na mbuzi. Shangazi akapiga simu kutoka Kiongoroni, mkali, "Nyie mbona mnamsomea kabla ya siku yake? Kafa Jumatano huyo. Magharibi ilishaingia." Nikamwambia Shangazi, ilikuwa Jumanne, cheti kinasema Jumanne. Akanijibu, "Cheti kaandika daktari. Usiku ule ulikuwa wa Jumatano. Mlisoma nini huko?"

Nikabishana naye mpaka salio likaisha. Nimeweka simu chini, nikabaki nimesimama na mwiko mkononi, mchuzi unachemka. Kwa Shangazi siku inaanza jua likizama. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Sasa kwenye daftari lako, akiandika mwezi tano, maji ya usiku ni yapi?

Nilizima jiko. Nikalitoa daftari kwenye sanduku alilonipa mkeo, nikaweka kidole kwenye mstari wa mwezi tano. Maji ya usiku ya Shangazi yalikuwa yamejaa kabla ya yale ya mchana, siyo baada yake. Wewe ulisoma mstari ule kama tulivyofundishwa shule, mchana kwanza, halafu usiku, siku inageuka katikati ya usiku. Usiku unaofuata mchana wa mwezi tano yeye ameuandika mwezi sita, kwa hiyo nikaisogeza safu nzima ya usiku mstari mmoja juu. Toka maji ya mchana mpaka ya usiku, saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Mwezi sita, hivyohivyo. Mwezi saba, hivyohivyo. Kanuni yako iliyeyuka yote, na upepo wako wa bara ukaondoka nayo.

Na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Ukijumlisha muda wa mchana kwenda usiku na wa usiku kwenda mchana, ulikuwa unapata saa ishirini na nne na dakika hamsini, kama inavyotakiwa. Namba zako zilikubaliana zenyewe kwa zenyewe bila hitilafu hata moja. Mimi niliyekuwa nakuhubiria kwamba zikikubaliana inatosha, nimelitazama jambo hilo kwa muda mrefu. Zilikubaliana, na maji hayakuwa na habari nazo.

Tena wewe, Shabani. Wewe uliyekuwa unatutangulia kwenda tarawehe usiku ule mwezi unapoandama, kabla hata siku moja ya kufunga haijapita. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba usiku wa kwanza wa Ramadhani unaitangulia Ramadhani ya mchana. Ulilijua hilo kwa miguu yako ikienda msikitini, ukashika kalamu ukalisahau.

Nilicheka, kaka. Siwezi kukuficha. Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikacheka kwa sauti, peke yangu, siku chache kabla ya hitima yako. Halafu nikasema, safari hii wa pili ni wewe. Nikalisema kwa mdomo kabisa.

Kuhakikisha ikabidi niende. Nikachagua siku ambayo maji yangejaa asubuhi na mapema na tena jioni, nikapanda bodaboda mpaka Nyamisati, nikavuka. Nilikaa na Shangazi kwenye mkeka tukiitazama nguzo yako, yeye anasafisha uduvi, mimi na simu mkononi. Asubuhi yakajaa saa kumi na mbili na nusu. Jioni, kama wewe ungekuwa sahihi, yangeanza kushuka tangu kumi na mbili na dakika tano. Nilikuwa naomba dua yaendelee kupanda. Niliomba dua ukosee, pale kwenye nguzo uliyoichonga kwa mkono wako. Yakapanda, yakapanda, yakasimama saa moja kasoro dakika tano. Nikamweleza Shangazi. Akaendelea na uduvi wake, akasema, "Angeniuliza ningemwambia. Kila akija mbio, anakopi, boti inamngoja." Kisha akaniuliza, "Na wewe je, hakukuonyesha?"

Hapo kicheko kiliisha.

Kwa sababu ulinionyesha. Shangazi hakujua alichonigusa. Ulikuja chumba cha walimu na daftari limefungwa kwa mpira, kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote, ukasema, "Nikagulie safu hizi, Asha. Wewe jicho lako halina huruma." Nilikuambia nina mitihani ya kusahihisha. Nikaliweka kabatini, chini ya shajara za maendeleo ya somo, na likakaa wiki mbili. Sikulifungua. Nilijua kuna kitu kizuri ndani na sikutaka kuwa mtu wa kwanza kukiona kikiwa chako. Ulipouliza, nikakurudishia na mpira wake vilevile, nikasema, "Nimekagua. Ziko sawa."

Ukanishukuru. Siku ya ubao ulisema mbele ya walimu wote kwamba hesabu zimekaguliwa na Mwalimu Asha. Wakanipigia makofi na mimi, na nikayapokea.

Kwa hiyo kosa si lako peke yako. Wewe ulifanya sehemu yako yote. Uliuliza, ukapima, ukaandika kila namba wazi, hata zile chafu, mtu yeyote aje azisogeze mstari mmoja juu na kukuangusha. Mimi sijawahi kuandika kitu ambacho mtu anaweza kukiangusha. Nafundisha yaliyokwisha kuthibitishwa na watu wengine. Ndiyo maana sikosei.

Na hata hapo hukuniachia nafasi. Nilipozisogeza safu zote, miezi ya masika, mto ukiwa umefura, zikabaki dakika chache ambazo hazikai sawa. Siyo kila siku. Sijui ni mto, sijui ni macho ya Shangazi kwenye mvua. Bila kanuni yako ya uongo nisingezitafuta, bila daftari lako nisingeziona. Hata swali lililobaki ni lako. Linanikera, na tangu Jumatano nimekuwa nikilichungulia kila nikipata nafasi.

Nimemwambia mkuu wa shule kuhusu safu. Akasema basi tuandike yote mawili ukutani, Kanuni ya Shabani imekatwa mstari, na chini yake Sahihisho la Mwalimu Asha. Akadhani atanifurahisha. Na nilifurahi, kaka. Nilitembea mpaka sokoni nikiliona jina langu ukutani, chini ya lako lililokatwa. Nilinunua nyanya nikasahau kuchukua chenji. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anamsimulia jirani habari zako, na kwa mara ya kwanza sikukasirika. Nilimhurumia, kama mtu anayejua atashinda. Nilipojiona nina huruma ya namna ile, niliogopa.

Nimejiuliza kama ukweli unaharibika ukisemwa na mwenye wivu. Nadhani hauharibiki. Maji yalijaa saa moja kasoro dakika tano, yangejaa hivyo hata angekuwepo mtu anayekupenda bila doa. Lakini ukweli wa nusu unaharibika, na mimi nilikuwa nimeubeba wa nusu mpaka kwa mkuu wa shule. Nilimwambia ulivyokosea. Sikumwambia ulikuja kwangu kabla.

Jumatatu wanafunzi wanakusanyika mbele ya ukuta ule. Mama atakuwepo, nimeshamlipia bodaboda. Nitawaeleza safu za Shangazi na usiku unaotangulia, na zile dakika za masika, nitawaachia daftari lako walisome. Kisha nitawaambia kwamba kulikuwa na mtu mmoja aliyeombwa akague. Kwamba alikuwa dada yake, na hakulifungua, na akasema amekagua. Jina langu halitaandikwa chini ya lako. Mama atanitazama, na sijui atanitazama vipi.

Pumzika, Shabani. Mungu akuwekee nuru pale ulipo. Nakuahidi hilo la Jumatatu, na nakuahidi sijaacha kukuonea wivu, siwezi kukudanganya mara ya pili. Ningekuwa mimi niliyekuja na daftari, wewe ungelifungua siku ileile.

Mdogo wako,
Asha