Moshi wa Siku Tatu

4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza hasira, na kwamba dawa unazimeza, siyo kuzitazama tu. Mimi mzima, ila vitabu vinanikondesha.

Mwaka huu wa mwisho, kila anayesoma historia na sayansi ya siasa anaandika utafiti wake mwenyewe. Wenzangu wamechagua vyama na chaguzi. Mimi nimeandikisha mgomo wa kiwanda cha mablanketi, ule wenu wa siku tatu. Mhadhiri kafurahi mno, nikakosa hata ujasiri wa kumwambia kwamba yule fundi boila aliyebandikwa jina la Bwana Moshi ni baba yangu.

Baba, jina hilo nimekua nikilisikia likitemwa. Baba Mdogo, ndugu yako wa tumbo moja, hajavuka kizingiti chetu tangu nizaliwe. Binti yake tulisoma shule moja, tukakatazwa hata kusalimiana. Wote wanasema wenzako walikuwa nje ya geti, bomba la kiwanda likawa linatoa moshi, na ndani ulikuwa wewe. Naomba unieleze kwa mkono wako.

Bintiyo

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni goti, lina umri wake. Nashukuru u mzima.

Ala! Dunia nzima imeishiwa historia mpaka uje unichimbue mimi? Si uchague wafalme? Wale wameshakufa, hawana majirani.

Haya, nasema mara moja. Nilibaki ndani kwa sababu kamati ya mgomo iliniagiza nibaki. Boila ile ilikuwa ikipeleka maji ya moto hospitali ya jirani pia. Nilifunga vali ya kupeleka mvuke kwenye mashine, nikaacha wazi ya hospitali. Hakuna hata uzi mmoja uliosokotwa siku zile. Nilikatazwa kusema, maana wenye kiwanda wangejua, wangenitoa waweke mtu wao awashe mashine. Mgomo ukavunjwa. Baba yako mdogo akafukuzwa kazi. Mwenyekiti akafariki kabla mwaka haujaisha, katibu akahama, na daftari lake sikuliona tena. Nilipomweleza ndugu yangu, akaniambia, "Lete maandishi, au ondoka." Ningeyatoa wapi? Hata vikao vyenyewe walifanyia chumba cha timu ya mpira, mimi ambaye danadana mbili sijui.

Achana nayo, mama. Pafukapo moshi pana moto, ndivyo watu walivyoamua. Na karatasi zako zikisema kama wao, utaandika kwamba baba yako ni msaliti?

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo.

Ningeandika. Nimelia kabla ya kukuambia hivyo, lakini ningeandika, la sivyo miaka hii mitatu nimekuja kujifunza uongo.

Naogopa, sikufichi. Nimemaliza makasha yote ya chama cha wafanyakazi kwenye chumba cha nyaraka. Jina lako limo mahali pamoja tu, daftari la mahudhurio: siku zote tatu, "yupo kazini". Peke yako, ukurasa mzima.

Niombee.

Bintiyo

17 Mei

Baba! Baba! Baba!

Shikamoo, goti nitaliuliza baadaye.

Wiki sita hukunijibu, nikajua umeninunia. Nikawa naisoma barua yako kila siku nikitafuta neno la hasira, nikakutana na la mpira. Chumba cha timu! Nikamkimbilia mtunza nyaraka, nikamwomba makasha ya michezo. Akacheka, "Dada, umehama siasa?" Humo ndani nikalikuta daftari la timu ya kiwanda: mabao, jezi zilizopotea, nani kakosa penalti. Nikaligeuza nyuma. Kumbe katibu aliuandika mgomo kuanzia ukurasa wa mwisho, ili wenye kiwanda wakilifungua waone mpira. Na aliyepanga makasha naye akaona mpira, akaliweka michezoni.

Sikiliza: "Fundi boila abaki ndani kwa agizo la kamati. Vali ya mashine ifungwe, ya hospitali iwe wazi, wodi ya wazazi isikose maji ya moto. Amekataa mara mbili, ya tatu amekubali. Asimwambie mtu." Sahihi ya mwenyekiti ipo, ya katibu ipo.

Nilikaa sakafuni pale pale nikacheka na kulia kwa pamoja, mpaka mtunza nyaraka akaniletea maji ya kunywa. Uu, nimetua mzigo! Baba, nilikuwa na shaka nawe. Nisamehe. Nakala ni mbili, moja yako, moja ya Baba Mdogo.

Bintiyo

5 Juni

Mwanangu,

Marahaba mara mia. Habari ya goti ipo, itakuja chini.

Sikununa. Niliogopa. Mtu akiitwa mwizi miaka ishirini na sita, huanza kujipekua mifuko mwenyewe.

Nilimfuata baba yako mdogo kwenye karakana yake ya baiskeli, na nakala yake mkononi. Hakunikaribisha, lakini hakunifukuza. Miwani hana, akaniambia nisome. Nikasoma. "Rudia." Nikarudia. Mara ya tatu, nilipofika wodi ya wazazi, akanishika mkono.

"Siku ya tatu ya mgomo," akasema, "kifungua mimba wangu alizaliwa mle. Mimi niko getini nautukana moshi wako. Mke wangu aliporudi akanisimulia jinsi mtoto alivyoogeshwa, maji ya moto tele."

Basi akakalia tairi, akalia. Na mimi, jitu zima lenye mvi, nikamfuata. Wateja wakadhani tumefiwa.

Nimekusamehe, mama, ingawa sioni cha kusamehe. Ungenihurumia, karatasi hiyo ingekuwa bado imelala na mabao.

Ninavyoandika, baba yako mdogo yuko sebuleni kwetu anakoroma na viatu vyake miguuni. Amekuja na binti yake, huyo huyo uliyesoma naye, kifungua mimba wa wodi ile. Ameniita Baba Mkubwa, mara ya kwanza katika maisha yake. Akaniona nachechemea, hakuuliza, akaenda jikoni akachemsha maji, na sasa amepiga magoti hapa ananikanda. Ananiuliza kama yana moto wa kutosha.

Nimemwambia yanatosha.

Baba yako,
Bwana Moshi