Mashine ya Nyumba ya Kabeza

Kabeza, Kigali,
27 Novemba 1994.

Mpendwa Shangazi Mukarugwiza,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo Karagwe. Mguu unaendeleaje? Daktari wa misheni amekwisha kukupa ruhusa ya kutembea, au umejipa mwenyewe kama kawaida yako? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi, lakini anakula. Mimi chakula hakishuki, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza nikupe la furaha. Nimepata kazi ya kupiga taipu huko Kicukiro, katika ofisi inayoandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao. Kila Ijumaa tunabandika orodha ukutani na watu wanakuja kusoma. Mkuu wetu, Mzee Théoneste, aliyekulia Bujumbura, alinipa wiki mbili za majaribio, akaniambia nichague mashine itakayonifaa kati ya mbili zilizokuwapo.

Ungecheka, Shangazi. Ya kwanza ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na herufi zake zimepangwa Kifaransa: A imekalia mahali pa Q, na M imehamia upande mwingine kabisa. Vibonye vyake ni vigumu, kidole cha mwisho kinachoka kabla ya saa nne asubuhi. Ya pili ni ya umeme, laini mno. Ukipumzisha kidole tu imekwisha kuandika herufi tatu, na umeme ukikatika, nayo inalala. Wewe ulinifundisha kwamba mashine huchaguliwa kwa kidole cha mwisho, si kwa macho. Changu kilizikataa zote mbili.

Basi nikakumbuka ile ndogo tuliyoikuta chini ya kitanda katika nyumba hii tunayoishi. Herufi zake ni za Kiingereza kama za mashine yako. Vibonye vinashuka bila ubishi na kurudi upesi, na mlio wake ni mkavu, unajua kila herufi imefika. Nikaipeleka ofisini. Kwa kuogopa isije ikachukuliwa na mwingine, nikafanya kosa letu sisi tuliorudi kutoka uhamishoni. Si unajua nyumba tulizozikuta tupu tuliziandika majina yetu mlangoni kwa chaki? Nami nikaandika kwenye kifuniko cha mashine: WINIFRED, KABEZA. Jina na mtaa, kama mtu anayewaelekeza polisi.

Alhamisi akaja mama mmoja, jina lake Béatha, amefikia kwa jamaa zake Kabuga. Anamtafuta binti yake Gwiza, mwenye miaka saba, ambaye walipotezana mwezi wa Aprili. Alinipa karatasi iliyokunjwa, barua ya kumwombea mtoto nafasi ya shule, iliyopigwa taipu na marehemu mume wake. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Nikaanza kunakili maelezo ya mtoto kwa taipu. Kufika mstari wa pili nikaona kila R ya karatasi yake imepanda kidogo juu ya mstari. Nikatazama karatasi yangu. Na zangu zilikuwa zimepanda vilevile.

Nikaisukuma mashine kando nikasema nitamalizia kwa kalamu kwa kuwa utepe umekauka. Utepe wenyewe ulikuwa mweusi tititi.

Béatha alikuwa amekwisha kuzunguka meza. Akaweka kidole juu ya kibonye cha R bila kukibonyeza, kisha akasoma kifuniko.

"Winifred ni wewe? Unakaa Kabeza?"

Nikaitika.

"Ile nyumba iko na mlango ya bluu?"

Juma lililopita, nyumba ya nne kutoka kwetu, mwenye nyumba alirudi na askari, na ilipofika adhuhuri familia nzima ilikuwa barabarani na magodoro yake. Nikamfikiria Mama na kikohozi chake. Nikawafikiria wadogo zangu watatu. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, lakini mimi siku ile niliona kilio tu mbele yangu. Nikasema ndiyo, ni hiyo. Nikasema tutatoka.

Akatikisa kichwa.

"Hapana. Mimi siwezi kulala mule tena. Lakini musitoke. Gwiza anajua ile nyumba tu. Akikuja, iko lazima mtu wa kumufungulia."

Akaniachia mashine, akaomba niandike jina la mtoto vizuri, akaenda kutafuta basi la Kabuga.

Tangu siku hiyo woga wangu umebadilika, haujaisha. Nilikuwa naogopa kusikia mlango unagongwa. Sasa unapogongwa nakimbia kufungua, nakuta ni jirani anaomba chumvi. Nikiwa kazini naogopa kwamba huenda Gwiza amekuja, wadogo zangu wakamwambia amekosea nyumba. Nimewaeleza mara tatu, wananitazama kama nina homa. Leo sikwenda hata kanisani. Nimesema tumbo linaniuma, Mungu anisamehe.

Mama nilimweleza nusu tu ya habari, kwamba mwenye nyumba amepatikana. Hakungoja nusu iliyobaki. Anasema nyumba yenye mwenyewe hailaliki, na Jumamosi ya wiki ijayo tunahamia Kicukiro kwa jamaa yetu Mugenzi. Nimelia, nimebembeleza, ananijibu kwamba woga umenipanda kichwani. Huenda ni kweli. Lakini wewe ni wifi yake, anakusikia kuliko anavyonisikia mimi.

Barua hii nampa Keith, dereva wa lori, anayekuja huko Karagwe na atakayerudi Kigali siku ya Jumatano. Nakuomba sana, asirudi mikono mitupu. Mwandikie Mama kwamba tusihame. Mwandikie kwamba nyumba hii tumeombwa kuilinda, hata ikiwa kwa mwaka mzima, na mlango wake tusiupake rangi nyingine.

Nisalimie Mutsinzi na mkewe Pretty, na umwambie Nzeyimana nimezipata picha. Mungu akuponye mguu, na amwongoze kila mtoto aliye njiani hadi kwenye mlango anaoujua.

Ni mimi, binti wa kaka yako, ninayekupenda daima,

Winifred