Mbeleko Mbili Chini ya Godoro

Jumapili, Isikizya. Joto la mwezi wa kumi limekaa juu ya bati tangu asubuhi. Mawingu yanajikusanya upande wa Tabora, kisha yanatawanyika bila kutoa hata tone. Sikwenda kanisani. Nilimwambia mume wangu, Doto, kwamba kichwa kinaniuma, naye akakubali bila kuniangalia usoni.

Kichwa hakiumi. Naogopa.

Jumatano naondolewa kizazi. Hilo nimeshalikubali. Mwaka mzima natokwa na damu mpaka nafundisha darasa la nne nikiwa nimefunga sweta kiunoni kwenye joto hili. Mara mbili nimeongezewa damu. Vipimo vimeonyesha ni uvimbe wa kawaida, si saratani, lakini umekikuza kizazi mpaka kinalingana na mimba ya miezi mitano. Nina miaka arobaini na sita na binti mmoja, Eliza, yuko chuo. Kilichobaki ni kuchagua njia ya kukitoa, na daktari anataka jibu langu kesho.

Alinieleza vizuri, akanichorea kwenye karatasi. Kuna njia ya chini, kupitia ukeni: hakuna kovu tumboni, na mgonjwa anarudi kwenye shughuli zake mapema. Kuna ya matundu madogo na kamera. Nayo haina kidonda kikubwa, ila huchukua muda mrefu na inataka mkono uliozoea, maana mirija ya mkojo iko jirani kabisa, na mimi ingenibidi niende Mwanza nikapange foleni. Halafu kuna kupasua tumbo. Maumivu zaidi, siku nyingi zaidi wodini, wiki sita bila kunyanyua ndoo. Lakini daktari anaona vizuri anachokishika.

"Mwalimu, njia ya chini ingekufaa ningekuwa wa kwanza kukupa," aliniambia. "Kizazi chako ni kikubwa na hakijashuka. Kwako wewe nashauri tumbo."

Nikang'ang'ania ya chini. Akaniuliza sababu. Nikasema shamba la karanga, mvua zinakaribia.

Uongo mtupu. Nataka isiyoacha kovu kwa sababu ya mama mkwe.

Mwezi wa nane tulikwenda kwake Bukene kwenye msiba. Alinipokea mlangoni, nikapiga goti nikamwamkia, na niliposimama akaliona tumbo. Akaliwekea kiganja. Machozi yalimlenga mbele ya waombolezaji. Nilipaswa kusema pale pale. Nilinyamaza. Niliona aibu kumweleza mama mkwe habari za damu, na, nikiri tu, nilionja utamu wa kuangaliwa vile baada ya miaka kumi na tisa ya kuulizwa Eliza atapata mwenzake lini.

Kwa ukubwa wa tumbo akaamua ni mapacha. Na yeye alizaa mapacha. Kulwa alifariki akiwa bado ananyonya, akabaki na Doto, huyu mume wangu. Kwetu majina ya mapacha hayatafutwi, wanakuja nayo. Basi tangu siku ile kila akipiga simu anauliza kama Kulwa na Doto wanacheza, nami najibu, "Wazima, mama."

Wazima! Mwalimu, tena mwanakwaya.

Ametuma michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, ametuma karanga, na wiki iliyopita zikaja mbeleko mbili. Amezikata kwenye kitenge kimoja na kuzipinda pembeni kwa mkono wake mwenyewe. Nimezificha chini ya godoro na ninalala juu yake. Doto anajua yote. Nikimwomba amwambie mama yake anasema, "Aliyeitikia ni wewe," kisha anatoka kwenda kushika pikipiki yake.

Mpango wangu, naona haya hata kuuandika, ulikuwa huu: kitolewe kwa njia ya chini, nipumzike kidogo, halafu nimwambie mimba imeharibika. Bila kovu, nani angejua?

Leo nikiwa peke yangu nyumbani ndipo nilipouona mpango wenyewe ulivyo. Nilikuwa tayari kupasuliwa kwa njia ambayo daktari wangu haiamini, ili mama wa watu alie msiba wa Kulwa mara ya pili.

Nikachukua simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wanacheza?"

"Mama, hakuna watoto. Hawakuwepo tangu mwanzo. Ni uvimbe kwenye kizazi, na Jumatano wanakitoa."

Nilisikia kuku wa uani kwake.

"Umeniacha nahesabu miezi," akasema. "Mchungaji nimeshamwambia. Wenzangu wote wa kisimani wanajua."

"Nisamehe, mama."

Akalia, na mimi nikalia. Sikukata simu. Sikuwa na kingine cha kumfanyia.

Baadaye akauliza, "Wanakitolea wapi?"

"Tumboni. Wanapasua."

Sikujua kama nimeamua mpaka nilipojisikia nikisema.

"Maji atakuchotea nani?"

Nikamtaja Doto. Akaguna.

"Nakuja kesho. Bado nina hasira na wewe, Mama Eliza, usidhani zimeisha. Zile mbeleko zifue. Daktari akiruhusu, moja nitakufunga tumbo. Nyingine ya kubadilisha."

Nimezifua, nimezianika uani. Kesho namwendea daktari na jibu langu na sababu yangu ya kweli. Kisu bado kinanitisha, na Jumatano haijasogea.

Sasa hivi jirani amepita, akaziona mbili kwenye kamba, akaanza kunipongeza. Nikamkatiza. Nikamwambia hizo ni za mgonjwa.

"Mgonjwa nani?"

"Mimi."