Hodi ya Amuri

Jumatatu, 4 Septemba 2017
Wiki ya tatu tangu Amuri aambiwe arudi kambi ya wakimbizi. Chumba chake, ukuta kwa ukuta na changu, kina kufuli.
Leo nimemaliza kazi niliyoikwepa mwaka mzima – nimeipachika Lua, lugha ya kuandikia programu, ndani ya gemu letu. Injini, yaani programu inayoliendesha gemu, inabaki kwenye kompyuta yangu. Tabia za watu na mitumbwi zinaandikwa pembeni, kwenye faili dogo la kutuma hata kwa simu. Amuri kule hana kompyuta. Simu anayo. Nisijidanganye, sikuifanya kwa ajili ya gemu.

Alhamisi, 7 Septemba
Faili lake la kwanza! Kwenye gemu, mitumbwi yangu ilikuwa inavua dagaa kila usiku. Kauliza nani alinifundisha kuvua kwa taa wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wa Kibirizi nzima wanajua: mwezi ukijaa dagaa hawaifuati taa, watu wanakaa pwani kushona nyavu. Mimi mtu wa Kidahwe, mbali na ziwa, ningejulia wapi. Mistari sita tu, na kijiji cha kwenye gemu kikapumzika.
Nilicheka kwa sauti. Ukuta haukujibu.

Jumamosi, 23 Septemba
Mama Rozalia, mwenye nyumba, anashangaa kwamba kila anayekuja kuona chumba cha Amuri ili apange harudi tena. Mimi ndiye ninayewaambia paa linavuja. Halivuji.

Jumatano, 4 Oktoba
Jina la Amuri limetangazwa kambini. Ijumaa wanasafirishwa ng'ambo kuishi huko, familia nzima. Ruhusa ya kupita mjini kuniaga hakupata. Nimeandika "Hongera". Nimefuta. Nimeandika tena.
Katuma faili. Kasema nisubiri mwezi ujae kwenye gemu.

Ijumaa, 6 Oktoba
Mwezi umejaa. Mitumbwi iko pwani. Mtu wa shati la njano – shati la Amuri – anapandisha njia mpaka kwenye nyumba aliyoipa jina langu. Anasimama mlangoni.
"Hodi, Bariki. Ulishakula ao bado?"
Kila jioni aliniuliza hivyo, na hiyo "ao" yake ya upande wa pili wa ziwa.
Halafu gemu likaganda. Kosa, mstari wa thelathini na moja: faili limeita amri ya karibu(), na injini haina amri hiyo. Hajakosea. Kufungua mlango ni kazi ya injini, na injini ni yangu. Anajua.
Ni kazi ya dakika kumi. Sijaigusa. Nimeshasoma faili mpaka chini – akiingia, hakuna mstari mwingine.
Saa tisa alasiri. Ndege imepita juu ya mabati ya mtaa wetu wa Katubuka. Kwenye kioo cha kompyuta bado amesimama mlangoni.