Kikombe cha Wanjiru

Nakuru, Jumanne, wakati wa Hali ya Hatari

Kikombe chake sijakiosha. Sitaki.

Asubuhi askari walimpandisha mke wangu Wanjiru kwenye lori pamoja na Wakikuyu wengine, eti warudishwe kwao kwa sababu ya Mau Mau. Mimi, kwa kuwa ni Mluhya, wakaniacha mlangoni.

Jioni nikakaa chini kama yule mtawa wa Budha alivyonifundisha kule Burma nilipokuwa askari wakati wa vita vya Wajerumani na Wajapani: fuata pumzi yako, mtakie mema kila mtu, hata adui. Wanjiru alikuwa akinicheka kila siku. "Mzee, umelala ama unaomba?"

Leo hakuna aliyecheka.

Wale askari nimewatakia mema, kwa shida. Nilipofika zamu ya kumtakia mema Wanjiru, sikuweza kuendelea; kumtakia mema ni kama kumuaga. Mtawa alisema anayeng'ang'ania ndiye anayeumia.

Basi na niumie. Huyu simwachilii.