Hadithi Niliyopigiwa Makofi

Jumatatu. Mvua imeshika tangu alfajiri, hapa Kibirizi kote matope, hakuna kuanika dagaa. Nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita mameneja tulipelekwa semina ya uongozi wenye utu. Mwezeshaji, kijana mtanashati kutoka Dar, akataka kila mmoja asimulie siku aliyomjali mfanyakazi wake. Eti hadithi hulainisha moyo wa kiongozi. Zamu yangu ikafika, nikaitafuta siku hiyo kichwani. Sikuiona.

Nikachukua ya Zaituni.

Zaituni anachambua dagaa chini yangu. Kabla ya Ramadhani alipigiwa simu kutoka kwao Mwamgongo: mama yake mahututi, anamwita. Boti ilikuwa inaondoka mchana, na baada ya hapo ni mpaka kesho yake. Aliniomba ruhusa. Nikamwambia amalize magunia kwanza, maana hapa kila mtu mama yake anaumwa. Boti ikamwacha. Mama akafariki magharibi.

Kwenye semina nikaisimulia vingine. Nilimpa ruhusa, nikamsindikiza mpaka botini, akamuwahi mama yake. Watu wakatoa leso. Makofi! Nikalia na mimi, tena machozi ya kweli, sijui yalitoka wapi.

Mkurugenzi wetu alikuwepo. Leo, kwa kuwa mvua imezuia kazi, akakusanya wafanyakazi wote ghalani, akaniambia niwasimulie na wao. Ningeweza kukataa. Zaituni alikuwa amekaa mbele kabisa. Nikasimulia.

Wafanyakazi wote walikuwepo siku ile boti ilipomwacha.

Zaituni akanyoosha mkono, kwa adabu zote. "Samahani, bosi. Nilipofika, mama aliniambia nini?"

Mkurugenzi anatabasamu, ananisubiri. Nami, shetani mkubwa, nikajibu. Nikasema mama alimshika mkono, akamwambia yuko radhi naye.

Zaituni akafumba macho. "Rudia tena, bosi."

Nikarudia.

Nilidhani ananikomoa, na laiti ingekuwa hivyo. Nikaona midomo yake inafuatisha maneno yangu, moja moja. Alikuwa anayahifadhi.

Kesho nitasimama mbele ya wote niseme ukweli. Naandika hapa ili nisikwepe. Lakini nikisema, si nitakuwa nimemnyang'anya mama yake mara ya pili?

Ona. Tayari nimeshaanza kutunga hadithi nyingine.