Upande wa Pili wa Kaseti

Gent, Ubelgiji, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mjomba Paluku aliyekupa chumba hapo Beni, na binti yake Kavira anayekusomea barua hii. Kavira, soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona nabishana na mama yangu. Mama, goti linaendeleaje? Dada Masika ameniandikia kwamba joto la huko linakuchosha na mbu hawakupi nafasi. Mimi ni mzima. Baridi imeanza, lakini mtoto wa Butembo baridi haimtishi.

Nasikia unakataa kurudi nyumbani. Dada yangu ameyaandika maneno yako jinsi ulivyoyasema: «Mi nilisikia masasi na masikio yangu. Hakuna mutu anaimbaka masasi. Munanificha tu.» Mama, hakuna anayekuficha kitu. Risasi zile nilizituma mimi.

Ngoja nianze mwanzo. Unajua ninafanya kazi kwenye duka la muziki, ila sikuwahi kukueleza ni muziki gani, kwa sababu niliona haya kidogo. Si rumba wala si nyimbo za kanisa. Kila Ijumaa maboksi ya sidi mpya yanafika. Mimi nayafungua, nasikiliza, na kuandika kikaratasi cha kumweleza mteja kilichomo ndani. Nyingine ni synth-pop, yaani vinanda vya umeme na sauti tamu, mtu anaweza kucheza. Nyingine wanaziita ambient. Hizo hazina ngoma wala maneno, ni sauti inayokaa tu, kama jenereta ya parokia ukiwa ng'ambo ya bonde. Watu wanazinunua ili wapate usingizi. Na nyingine ni industriel: vyuma vinagongwa, ving'ora vinalia, mtu anafoka. Wateja wake wanavaa nyeusi tupu kama wako matangani, lakini ni wapole ajabu, kila neno ni asante na tafadhali. Wiki yangu ya kwanza nilidhani sidi hizo zimeharibika, nikamrudishia patron, mwenye duka, tatu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Basi Masika aliniandikia kwamba vibanda vyote vya kunakili kaseti pale sokoni, pamoja na chake, vina nyimbo zilezile za Kinshasa, nimtumie kitu ambacho jirani hana. Nikamnakilia synth-pop mpya, zikajaa upande wa kwanza. Upande wa pili ukabaki mtupu. Sasa Mama, ni nani alinifundisha kwamba gunia halisafirishwi likiwa nusu? Ulikuwa unalidundisha gunia la maharagwe chini mara tatu, unaongeza, unadundisha tena, mpaka sindano inapita kwa shida. Nilishindwa kutuma kaseti yenye upande mtupu. Nikaujaza kwa industriel iliyofika wiki ileile. Mtu akikaa huku miaka minne, masikio yake yanasahau risasi zinavyolia. Hilo ni kosa langu na ninalisema wazi.

Masika anasema upande wa kwanza uliwapendeza watu, hata askari wawili walisimama wakitikisa vichwa. Akatoka kidogo kwenda kununua mkate. Ile redio yake inajigeuzia kaseti yenyewe, akasahau, ikaingia upande wa pili. Alipokuwa anarudi akasikia watu wanapiga kelele, «Mukimbie! Banaingia, banaingia!», na soko lote likamwagika barabarani. Wewe uliacha beseni lako la maharagwe, ukapanda lori la kabichi lililokuwa linaondoka kwenda Beni. Siku nne nyumbani hawakujua kama uko hai. Masika alikutafuta mpaka hospitalini. Barua yake niliisomea kwenye stoo ya duka na nililia, Mama, patron akanikuta hivyo.

Sikulaumu kwa kukimbia. Siku wenye bunduki walipoingia kweli, Baba alisema tungoje kwanza tuone, na hatukumwona tena. Wala sisemi vita imekwisha, maana huku pia habari zinafika. Nasema tu kwamba siku ile vita haikuja.

Sasa nisikilize. Nitakutajia ulichosikia, na hakuna aliyenisimulia. Kwanza mbwa alibweka mara mbili. Halafu gari kubwa likabadilisha gia kwenye mlima. Halafu mwanamume akatoa amri moja kwa lugha usiyoijua. Kimya kidogo, kama muda wa nusu ya Salamu Maria. Halafu mlio mmoja, mwingine, wa tatu, kisha mingi kwa pamoja. Kama ndivyo ilivyokuwa, Mama, ulisikia kaseti yangu.

Kijana aliyetengeneza wimbo huo huja dukani. Jumamosi nilimsimulia habari zako. Alianza kucheka, kisha akaacha, akawa mwekundu mpaka masikioni. Alinipeleka kwenye gereji ya bibi yake, akanionyesha mlango wa chuma na nyundo. Hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Milio ile ni mlango ule, ameipitisha kwenye mashine tu. Alinipa nyundo nikapiga mwenyewe, na ingawa nilikuwa nimeishika kwa mkono wangu, nilishtuka nikaruka nyuma. Naapa mbele ya Bikira Maria.

Masika atakuja Beni wiki ijayo kukuchukua. Nimemwambia alete redio na kaseti, aifungulie ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini, mkono wako ukiwa kwenye kitufe cha kuzima. Ukizima, hakuna atakayekulazimisha.

Mpe salamu mjomba, na mwambie chandarua anachodai hakihitaji, akitafute. Msalimie mke wake anayekupikia. Na ukifika Butembo, umshukuru yule mama muuza vitunguu anayekaa karibu na meza yako: siku ile alirudi wa kwanza, akakaa juu ya beseni lako mpaka jioni. Hakuna punje iliyopotea.

Neno la mwisho, Mama. Uliondoka wimbo ukiwa haujaisha. Baada ya milio ile kuna mvua. Hiyo ni mvua ya kweli, kijana aliirekodi chini ya bati la gereji ileile, na inanyesha peke yake mpaka utepe unakwisha. Kila nikiisikia naona jikoni kwetu. Wakati ilipoanza kunyesha pale sokoni, wewe ulikuwa tayari kwenye lori. Usizime kabla haijanyesha, kisha rudi nyumbani.

Mimi mwanao aliyejaza gunia kupita kiasi,

Kambale